Farasi wa Mdomo Mgumu

Farasi alishuka kwenye lori la kubebea ng'ombe mbele ya boma letu, upande wa Shianda, asubuhi yenye manyunyu, na mtu wa kwanza kusema neno alikuwa mama. Alisimama mlangoni pa jiko akiwa na mwiko mkononi. Alimtazama yule mnyama kuanzia masikio hadi kwato, kisha akaniuliza, "Huyu analiwa?"

"Haliwi, mama."

"Analima?"

"Halimi."

"Basi anakamuliwa."

Mdogo wangu wa kiume, aliyesafiri na sisi kwenye lori kutoka Nairobi, alicheka hadi akashika ubavu. Mama hakucheka. Alirudi jikoni kusonga ugali wake, nami nikabaki nimeshika kamba. Farasi alikuwa anatetemeka, ameikazia macho miwa ya jirani kana kwamba kuna mtu amejificha ndani yake. Alikuwa jike, mrefu, rangi ya kahawa iliyokaangwa, na mbavu zake zilikuwa zinahesabika. Watu waliokuwa wakienda sokoni walikusanyika kwenye ua. Mmoja akasema ni punda mkubwa, na jina hilo likashika. Hadi leo wako wanaonitambua kwa hilo tu: yule wa punda mkubwa.

Niliondoka nyumbani nikiwa msichana aliyetoka tu shuleni, nikaenda kufua na kupika kwenye mazizi ya farasi nje ya Nairobi, upande wa Ngong. Mwenye mazizi alikuwa bibi wa Kizungu aliyezaliwa humu humu nchini na kuzeekea humu humu, lakini Kiswahili chake kilibaki kile cha kuamrisha watu wa jikoni. Siku moja nilitumwa kumleta farasi mmoja kutoka malishoni. Njiani palikuwa na karatasi ya nailoni imenasa kwenye waya, inapepea, na farasi akakataa kupita. Sikumvuta. Sikujua kama watu huwavuta. Nilisimama naye tu, nikaangalia hiyo karatasi pamoja naye, mpaka akachoka kuiogopa tukapita. Bibi alikuwa ameniona kutoka kwenye baraza.

"Wewe hapana haraka," aliniambia jioni hiyo. "Kesho kuja kwa mimi."

Kesho yake alinipandisha juu ya farasi aliyefungwa kamba ndefu, yeye akiwa katikati, farasi akizunguka. Hakunipa hatamu. Hakunipa vya kukanyagia. Nilizunguka hivyo mikono ikiwa juu ya mapaja, asubuhi baada ya asubuhi, majira yakapita, nikidhani ananiadhibu kwa jambo fulani. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa ananifundisha kukaa bila kumwomba mnyama anishikilie.

Fani yenyewe sijawahi kuipatia jina zuri kwa lugha yetu. Si mbio, na si kuruka vizuizi. Ni upandaji wa kale, ambamo farasi hufundishwa kubeba mwili wake na wa mtu kwa utulivu, kidogo kidogo, mpaka anaweza kwenda upande, kugeuka palepale alipo, karibu kucheza, kwa ishara ambazo anayetazama hazioni. Ina mpangilio wake. Kwanza farasi atembee kwa mwendo ulio sawa, kama saa. Kisha alegee mwili. Kisha auamini mkono wako kupitia hatamu. Ni hapo tu unapoweza kumwomba nguvu, halafu unyoofu, na mwisho kabisa kujikusanya, yaani kuhamisha uzito wake kwenye miguu ya nyuma na kuwa mwepesi mbele. Farasi mmoja huchukua miaka. Bibi alisema ukiruka hatua moja hutagundua leo. Utagundua baadaye sana, ukiwa umeshajisifu, na itakubidi urudi hadi pale uliporuka.

Nilikaa kwake mpaka nikawa mtu mzima. Niliwafundisha farasi wake wengine, nikafundisha na watoto wa matajiri. Kisha bibi akaanza kusahau. Alisahau majina ya farasi, akasahau kama amekula. Watoto wake walikuja kutoka ng'ambo wakamchukua, shamba likauzwa, na farasi wakagawanywa kwa wenye nafasi. Mmoja tu hakutakiwa na mtu.

Huyo jike alikuwa wa mashindano ya mbio tangu akiwa mdogo, na mdomo wake ulikuwa umekufa. Kuna sehemu kwenye ufizi wa farasi isiyo na meno, ambapo lijamu, kile chuma kinachofungwa hatamu, hukaa. Kwake palikuwa pamevutwa na kuvutwa hadi pakawa sugu kama kisigino. Akihisi tu hatamu imekaza, aliinua kichwa juu, akaubonyeza mgongo chini, akakimbia. Hakuwa mkorofi. Hilo ndilo alilolijua: mkono wa mtu maana yake ni maumivu, na dawa ya maumivu ni kukimbia. Watoto wa bibi walisema atapigwa risasi kabla ya wiki kwisha.

Mdogo wangu ndiye aliyelipata lori. Yeye huendesha trekta la kubeba miwa, na miwa ilikuwa imepungua, siku nyingi trekta linalala. Alikuwa na wazo. Watoto wa mji wa Kakamega hawajawahi kupanda farasi. Krismasi, Pasaka, siku za harusi, watu wangepanda, wangepigwa picha.

"Sista, hii ni kazi," aliniambia kwa simu. "Mlete."

"Hawezi kupandwa na mtoto. Hawezi kupandwa na mtu yeyote kwa sasa."

"Si utamfunza?"

"Itachukua muda mrefu."

"Sawa, chukua muda. Ni nani anakuharakisha?"

Wakati huo aliamini anachosema. Na mimi nilikuwa narudi nyumbani baada ya zaidi ya nusu ya maisha yangu, bila mume, bila mtoto, bila kazi ambayo mtu wa kwetu angeielewa. Nilihitaji kuja na kitu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha shamba kilichovunwa miwa. Mdogo wangu aling'oa visiki kwa trekta, akalainisha, na nikaomba maranda kwa mafundi wa mbao, tukayamwaga magunia kwa magunia ili kwato zisizame. Huo ndio ukawa uwanja wetu. Huku kwetu mvua hunyesha mchana, karibu kila mchana, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya asubuhi.

Miezi ya kwanza sikumpanda kabisa. Nilitembea kando yake. Tulikwenda hatua chache, tukasimama, tukaenda tena. Nilikuwa nimemvua lijamu, namwongoza kwa hatamu ya kichwani tu, isiyoingia mdomoni. Lile lijamu la zamani la chuma alilokuja nalo, lililosokotwa kama kamba, nililitia kwenye gunia nikalitupa stoo. Watu walisimama kwenye ua wakitutazama tukitembea na kusimama, na baada ya muda wakaacha kusimama. Hakukuwa na cha kuona.

Mdogo wangu alivumilia mwaka wa kwanza. Alikuwa akileta majani, akileta pumba, akinisaidia kumshika wakati wa kusafisha kwato. Kisha maneno yakaanza kubadilika kidogo.

"Huyu anakulanga kuliko ng'ombe tatu," alisema. Siku nyingine: "Sista, nyinyi mnazungukanga tu. Mnaendanga wapi?"

"Hatuendi mahali. Tunazunguka."

"Najua mnazunguka. Nauliza mnaenda wapi."

Mama hakuwahi kulalamika kuhusu chakula. Yeye alikuwa na lake. Alipenda kukaa kwenye kigoda karibu na uwanja akichambua mboga za mrenda, akitazama kwa jicho moja, kwa sababu la pili lilikuwa limeanza kufunikwa na ukungu. Siku moja, bila hasira, kama mtu anayewaza kwa sauti, alisema, "Wenzako wa umri wako walifundisha watoto wao kutembea. Mara moja tu. Mtoto akajua, wakamaliza."

Nilikuwa nimeshika kamba, farasi alikuwa anazunguka kwa mwendo wa matiti, ule ulio kati ya kutembea na kukimbia, na nikagundua kwamba sijui tena kama mdundo wake uko sawa au hauko sawa. Nilikuwa nimepoteza sikio. Nilimsimamisha nikamrudisha kwenye banda.

Kuna mambo yalikwenda mbele, sitasema hayakwenda. Nilimrudishia lijamu, jipya, laini, la mpira. Nilimpanda. Mwanzoni nilikaa juu yake kama gunia, hatamu zimelegea hadi shingoni, nikimwacha ajue kwamba hakuna kinachokuja. Halafu nikaanza kuzichukua, kidogo. Akiinua kichwa, sikuvuta na sikuachia. Nilingoja tu mkono ukiwa pale pale. Akishusha kichwa hata kidogo, nililegeza mara moja. Hayo ndiyo mafundisho yote. Mkono unaongoja na mkono unaolegea. Ukichelewa kulegeza, amejifunza kitu kingine.

Nilikuwa nikiegemeza simu kwenye gogo najirekodi, kisha namtumia bibi kule ng'ambo. Mwanzoni alijibu mwenyewe kwa sauti, akipumua kwa shida. "Wewe nauliza mambo mingi," alisema mara moja. "Uliza moja. Ngoja." Wakati mwingine alinichanganya na mtu mwingine, akauliza kama nimefunga lango la malishoni. Nilimjibu kwamba nimelifunga.

Mvua ndefu za mwaka wa pili zilikuwa mbaya. Uwanja ulijaa maji, maranda yakaelea, na farasi akasimama bandani majuma kwa majuma akiharibika. Kila nilichokijenga kwenye misuli yake niliona kikishuka. Maji yalipokauka tulianza karibu chini kabisa. Nilikuwa nimezoea. Sikuwa na furaha wala huzuni, nilikuwa kama mtu anayechota maji kwa ndoo iliyotoboka, ambaye ameacha kuiangalia ndoo.

Halafu asubuhi moja akanipa.

Tulikuwa tunatembea kwenye duara, upande wa kushoto, ambao ndio ulikuwa mgumu kwake. Nilichukua hatamu kama kawaida nikangojea kichwa kipande juu. Hakikupanda. Alipumua kwa pua, pumzi ndefu, akanyoosha shingo mbele na chini, na mgongo wake ukainuka chini ya tandiko kama unga wa mandazi unavyoumuka. Alianza kutafuna lijamu taratibu, povu jeupe likatokea kwenye midomo. Nilirefusha hatamu kidogo, naye akazifuata, akiutafuta mkono wangu. Mnyama aliyekuwa ameukimbia mkono wa mtu maisha yake yote alikuwa anautafuta. Ilidumu duara moja, labda na robo. Nilimsimamisha, nikashuka, nikafungua mkanda wa tandiko. Ndivyo nilivyofundishwa: akikupa, mshukuru kwa kuacha.

Mama alikuwa kwenye kigoda chake.

"Leo mmezunguka kidogo," alisema.

"Leo amefanya vizuri."

"Sasa akifanya vizuri ndiyo mnaacha?"

"Ndiyo, mama."

"Na akifanya vibaya mnaendelea."

"Ndiyo."

Alitupa bua la mrenda. "Kazi hii yako," alisema, na hakumaliza.

Kutoka asubuhi hiyo hadi Desemba nilipata asubuhi nyingine kama hiyo. Si nyingi, wala hazikufuatana. Katikati yake kulikuwa na siku ndefu za kichwa juu na mgongo chini. Lakini zilikuwepo. Alianza kujaribu kwenda upande, bega likiwa ndani kidogo ya mstari, mguu wa nyuma ukivuka chini ya tumbo. Hatua mbili, tatu, kisha anasahau. Nilikuwa nikilala nikizifikiria hizo hatua. Nilijua pia, kwa akili ya kawaida, kwamba ana umri mkubwa, kwamba miguu yake iliharibika kwenye mbio, kwamba hata akiishi sana hatafika popote ambapo bibi angesema hapa ni mwanzo. Nilijua na nikaendelea.

Desemba hiyo mama alipata nafasi ya kupasuliwa jicho, hospitalini Kakamega. Nilikwenda kulala naye. Farasi nilimwacha na mdogo wangu, kama nilivyofanya mara nyingine: ale, anywe, asimame. Trekta lilikuwa limeharibika tangu Oktoba. Alikuwa na watoto wa shule, na Januari ilikuwa inakuja. Hayo yote nayajua, na niliyajua hata siku ile.

Tuliporudi nyumbani mama akiwa na bandeji, mdogo wangu alikuja kutupokea barabarani akiwa amevaa shati jipya. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake kwa muda mrefu.

"Sista, umemfunza huyu mnyama! Wallahi tena." Hiyo wallahi ni ya marafiki zake wa Mumias, sisi ni watu wa kanisa. "Nilimpeleka town siku ya sikukuu. Watoto walipiga kelele, muziki huku, ngoma huku, baluni zinapasuka, yeye amesimama tu. Wanapanda, wanashuka, wanapanda. Hakufanya fujo hata kidogo."

"Siku nzima?"

"Kutoka asubuhi mpaka jua likaingia. Hakufanya fujo."

Nilimwacha na mama nikaenda bandani. Farasi alikuwa amesimama akitazama ukuta. Hakugeuza sikio niliposema naye. Nilimfungua mdomo. Ulimi ulikuwa na rangi ya zambarau, umevimba, na pembe zote mbili za mdomo zilikuwa zimechanika. Lile lijamu lililosokotwa lilikuwa limening'inizwa msumarini, limeoshwa.

Mdogo wangu alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu.

"Ulitumia hili?"

"Ile yako ya mpira haishiki. Nilijaribu. Nikaona nikienda nayo kati ya watu, nikishindwa kumshika, itakuwa mambo mengine." Aliligusa lile lijamu. "Lakini hakukataa, sista. Angekataa ningeacha."

Hilo ndilo neno lililobaki. Hakukataa. Ni kweli. Zamani angekataa, angeinua kichwa akamburuta mpaka Bukura. Mimi ndiye niliyemfundisha kutokimbia. Nilimfundisha kwamba mkono ukikaza, akingoja utalegea. Basi alingoja. Watoto walipanda na kushuka, chuma kikamkata, na yeye akasimama kutoka asubuhi hadi jioni akingoja mkono ulegee, kwa sababu nilimwambia utalegea.

Sikumgombeza mdogo wangu. Alikuwa ameleta unga, mafuta na kuku wawili, na mama alitaka kula ingokho baada ya chakula cha hospitali. Tulikula wote mezani. Nilimchunia mama nyama kwa sababu hakuwa anaona vizuri. Katikati ya chakula mdogo wangu akasema, taratibu, bila kuniangalia, "Nitampaka chumvi pale mdomoni?"

"Maji ya uvuguvugu na chumvi. Ndiyo."

Aliinuka kabla hajamaliza kula, akaenda kumpaka.

Vidonda vilipona mapema. Baada ya hapo nilianza upya, kutembea kando yake, hatua chache, kusimama. Safari hii haikuwa kama mwanzo. Mwanzoni aliogopa, na mnyama anayeogopa bado anazungumza nawe. Sasa alifanya kila kitu. Nilimwambia nenda, akaenda, simama, akasimama. Niliposhika hatamu hakuinua kichwa tena. Alikiweka pale pale nilipokiweka, kama mtu anayeweka mkono mezani upigwe. Mtu asiyejua angemsifu. Niliangalia video zangu nikaona farasi mtiifu kabisa, na ndani yake sikumwona mtu. Nasema mtu kwa sababu sina neno lingine.

Nilituma moja kwa bibi. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa la binti yake, kwa Kiingereza cha upole: mama anakushukuru kwa picha, lakini siku hizi hatambui farasi ni nini. Nilisoma ujumbe huo nikiwa nimekaa juu ya ndoo bandani. Nilifikiri nitalia, sikulia. Nilikuwa na kwato za kusafisha.

Mvua zilipokaribia tena ndipo farasi alipoanza kukonda. Alikula, lakini akakonda. Homa ilikuja ikaenda. Chini ya tumbo pakavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki kutoka upande wa Bukura, kijana mpole, akaniambia wazi kwamba ametibu punda wengi lakini farasi amewasoma vitabuni tu. Alichukua damu, akarudi baada ya siku kadhaa.

"Ni ule ugonjwa wa mbung'o," alisema. "Tutamdunga sindano."

"Atapona?"

"Wengine hupona."

Alidungwa akapata nafuu, hata manyoya yakang'aa. Mdogo wangu akaanza kumkatia majani mabichi kila asubuhi bila kuambiwa, akimlisha kwa mkono. Hakutaja tena mji wala sikukuu. Kisha homa ikarudi, akadungwa tena, akapata nafuu ndogo kuliko ile ya kwanza. Mara ya tatu miguu ya nyuma ikaanza kuyumba. Ile miguu niliyotumia miaka kuiomba ije chini ya tumbo, ibebe uzito, sasa ilikwenda kila mmoja njia yake, kama ya mlevi.

Bado nilimtoa kila asubuhi. Hakuwa na cha kujifunza, wala mimi sikuwa na cha kumfundisha. Tulitembea duara moja kwenye maranda, tukasimama, tukarudi. Siku moja mdogo wangu alikuja akatembea upande wa pili wake, mkono wake juu ya mgongo wa farasi, ili asianguke upande huo. Tulikwenda hivyo watatu. Mama alikuwa kwenye kigoda chake. Jicho lililopasuliwa lilikuwa limepona na alituona vizuri sasa.

"Mpumzisheni," alisema. "Mnyama amechoka, jamani. Hata nyinyi mmechoka."

Farasi alilala chini uwanjani mchana mmoja kabla ya mvua na hakuweza kuinuka. Wanaume wa majirani walikuja na kamba, wakapitisha chini ya kifua, wakavuta kwa sauti moja kama wanavyovuta ng'ombe aliyezama kwenye matope. Aliinua mbele, nyuma ikakataa. Walijaribu tena. Mara ya mwisho yeye mwenyewe hakujaribu. Nilikaa chini nikashika kichwa chake mapajani, kizito, kirefu, na mvua ikaanza. Mdogo wangu alipiga simu. Daktari alifika akiwa amelowa, akaniuliza kama niko tayari, nikasema ndiyo. Alichukua muda kuupata mshipa. Mkono wangu ulikuwa kwenye shavu la farasi na nilihisi taya ikilegea.

Kuna waliouliza kama nyama yake haiwezi kuliwa. Hawakuuliza kwa ubaya. Mdogo wangu aliwajibu vibaya, nikamwomba aache.

Kumzika farasi si kama kumzika ng'ombe. Shimo lilikuwa kubwa kuliko tulivyofikiria. Mdogo wangu alilianza peke yake, jembe na sururu, pale pale uwanjani kwa sababu hakuna aliyeweza kumhamisha, na alikataa msaada mpaka jua likapita utosini. Kisha akakubali wawili. Nilipompelekea uji alikuwa ndani ya shimo hadi mabegani, amejaa udongo usoni.

"Sista," alisema, bado amenipa mgongo. "Kama si mimi, angefika? Pale ulikuwa unataka afike?"

Nilifikiri nimdanganye kwa njia ipi. Ningeweza kusema ndiyo, angebaki na mzigo. Ningeweza kusema hapana, na hapana yenyewe ilikuwa kweli.

"Hapana," nilisema. "Asingefika."

Aliegemea sururu. Nadhani jibu hilo lilimwumiza kuliko lile jingine, kwa sababu aligeuka akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Hata na miaka mingine?"

"Hata na miaka mingine."

"Na ulikuwa unajua?"

"Kunywa uji," nilimwambia. "Unapoa."

Alikunywa. Tulimzika farasi jioni ile, ardhi ikiwa nzito kwa maji. Sasa trekta limetengenezwa, na mdogo wangu anasema msimu ujao tupande miwa tena kwenye kile kipande, au nyasi za mifugo, chochote nitakachotaka mimi. Sijachagua. Udongo juu ya kaburi ulishuka baada ya mvua za kwanza, ukaacha kibonde chenye umbo la mnyama aliyelala. Tukaleta mikokoteni ya udongo tukajaza. Mvua zikaja, ukashuka tena, na jana asubuhi mama alikuwa ananiuliza tutajaza lini.